MABAKI YA VITAMBAA NI MALI
Namna ya kuchagua, kukata na kushona mfarishi utakaodumu

Karibu na Watamu, upande wa kusini wa Malindi, yako magofu ya mji wa kale wa Gede. Mji huo ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, ukasitawi sana katika karne ya 14 na ya 15, kisha wenyeji wake wakauhama, na msitu ukaufunika. Bwana James Kirkman alipoufukua kati ya mwaka 1948 na 1958, nyumba nyingi zilipewa majina kwa kufuata vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Sanduku la Pembe, iko Nyumba ya Taa ya Chuma, na iko Nyumba ya Mkasi. Mwezi wa Julai 2024 shirika la UNESCO liliuandika mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mgeni azuruye Gede aweza kuipita Nyumba ya Mkasi pasipo kuifikiri. Lakini jina hilo latukumbusha kwamba kazi ya kukata si ngeni katika pwani hii. Leo mikasi haihesabiki toka Mtwapa hata Mambrui, na katika baraza ya kila fundi wa cherehani kuna kitu kimoja kisichokosekana, nacho ni rundo la vipande vya kitambaa chini ya meza. Vingine ni upana wa kiganja, vingine ni vyembamba kama utepe. Jioni hufagiwa, hutiwa guniani, na mara nyingi huchomwa moto pamoja na takataka nyingine.

Wazee husema bandu bandu huisha gogo. Kipande kimoja kitupwacho leo ni kitu kidogo, lakini vipande vya mwaka mzima ni majora kamili, na kila kimoja kililipiwa na mtu. Vipande hivyo vyaweza kugeuzwa kuwa mfarishi, yaani tandiko au funiko la kitanda lenye tabaka tatu: uso ulioungwa kwa vipande, kijazo katikati, na mgongo chini. Tabaka zote tatu hushikanishwa kwa mishono ipitayo kutoka juu hata chini.

Kazi hii yaweza kumpatia mtu funiko zuri la nyumbani au bidhaa ya kuuza. Lakini pia yaweza kumletea hasara. Mara nyingi imetokea mama ameshona mwezi mzima, macho yakamuuma, kisha akaufua mfarishi mara ya kwanza, rangi nyekundu ikachuja ikaenea juu ya kila kipande cheupe. Au kitambaa kimoja kikaruka kwa maji, chenzake kisiruke, na uso wote ukajikunja kama jani kavu. Kosa la namna hiyo halikufanyika siku ya kufua. Lilifanyika mapema zaidi, siku ile kitambaa kilipochaguliwa. Kwa hiyo mwenye kutaka mfarishi mwema aanze kujihadhari mbele ya meza ya duka, kabla uzi haujaingia katika tundu la sindano.

KUUNGA VIPANDE SI AIBU

Wako watu wanaodhani kwamba nguo ya vipande ni alama ya ufukara. Dhana hiyo si sawa, kwa maana leso yenyewe, ambayo ni vazi la heshima la kila mama wa pwani, yasimuliwa kuwa ilizaliwa kwa kuunga vipande. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ziliuzwa leso ndogo za mraba zilizochapwa mfululizo juu ya jora moja, na jina lake latoka katika neno la Kireno, lenço. Badala ya kukatiwa moja moja, wanawake walinunua leso sita pamoja, wakazikata tatu tatu, kisha wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata shuka moja yenye leso tatu kwa mbili. Wafanyabiashara walipoona jinsi mtindo huo ulivyopendwa, waliagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa, yenye pindo na mji. Baadaye yaliongezwa maneno, na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye alama yake ya “Mali ya Abdulla” yajulikana sana, ni miongoni mwa walioieneza leso ya maneno.

Kutumia tena kitambaa ni desturi ya kale zaidi ya hiyo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hii yapata mwaka 1516, alieleza kwamba wafanyabiashara wa Malindi walifanya biashara ya nguo, dhahabu na pembe na watu wa Cambay katika nchi ya Gujarat. Alieleza pia habari za wafumaji wa Sofala, katika nchi iitwayo sasa Msumbiji. Watu hao walifuma nguo nyeupe za pamba lakini hawakuwa na rangi. Basi walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, wakachanganya nyuzi hizo na nyuzi zao nyeupe, na kufuma nguo mpya yenye rangi.

Kadhalika, ustadi utakiwao katika kazi hii umo tayari mikononi mwa watu wa Kilifi na Malindi. Hando la wanawake wa Kigiriama na Wamijikenda wengine ni vazi fupi lenye marinda mengi, lililoshonwa kwa matabaka ya kitambaa cha pamba, na awezaye kuyapanga marinda yale yakalingana hashindwi na miraba ya mfarishi. Katika kofia ya viua, tabaka za kitambaa cheupe hushikanishwa kwa mishono midogo ya mkono, na vitundu vidogo huzungushwa uzi kimoja kimoja. Kushikanisha tabaka kwa mishono ndiyo kazi yenyewe ya mfarishi.

KAZI ILIYOVUKA BAHARI

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Karnataka, wanaishi Wasiddi, watu ambao asili yao ni Afrika. Wahenga wao walifika Bara Hindi katika nyakati mbalimbali, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisiddi hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa vipande vya sari na nguo zilizochakaa. Hawaungi uso wote kwanza kama wafanyavyo watu wengine. Huanza pembeni, wakazunguka, na kila kipande hushonwa papo hapo juu ya mgongo wake, mpaka wafike katikati. Katika pembe nne huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa, ambavyo kwao ni maua.

Katika Marekani, wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha wakulima katika jimbo la Alabama, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shambani ili watoto wao wapate joto usiku. Mwaka 2002 mifarishi yao ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika Jumba la Whitney mjini New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilichapa stempu zenye picha za mifarishi hiyo. Kitu kilichoshonwa kwa sababu ya dhiki kilitazamwa na maelfu ya watu kama kazi ya wasanii wakuu. Si thamani ya kitambaa iliyoleta heshima hiyo, bali ni jicho la kuchagua na mkono wa kuunga.

KUCHAGUA KITAMBAA

Kitambaa kilicho bora kwa mfarishi ni cha pamba tupu, kisicho kizito sana wala chepesi sana. Bafta yafaa, marekani laini yafaa, shiti yenye maua yafaa, na leso ya pamba yafaa sana. Kikoi chafaa pia, ila ni kizito kuliko leso, na hakifai kuungwa na kitambaa chepesi, kwa sababu kizito hukivuta chepesi mpaka kikachanika penye mshono. Hariri, nailoni na vitambaa vinavyonyumbuka viachwe kwa kazi nyingine.

Tatizo ni kwamba siku hizi madukani zimo leso na shiti nyingi zilizochanganywa na nyuzi za poliesta, na kwa macho tu si rahisi kuzitambua. Dawa yake ni kuujaribu uzi kwa moto. Mshonaji achomoe nyuzi mbili tatu katika ukingo wa kitambaa, azishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, kisha aziwashe. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka, na mwisho wake hugeuka kuwa kishanga kigumu cheusi. Ukiyeyuka kidogo na kuwaka kidogo, ni mchanganyiko. Jaribio hili lifanyike nyumbani, mbali na watoto na mbali na majora ya mwenye duka.

Si kwamba kitambaa chenye poliesta ni kibaya. Hudumu na hukauka upesi. Lakini hakiruki kwa maji kama pamba, na pasi iliyo moto wa kutosha kuinyosha pamba yaweza kukiunguza. Basi pamba iungwe na pamba, na mchanganyiko uungwe na mchanganyiko.

Jaribio la pili ni la rangi. Kitambaa cha kaniki, nyekundu iliyokolea na zambarau ndivyo vya kuogopwa zaidi. Kipande kidogo kilowekwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, ndani ya bakuli jeupe, kwa muda wa nusu saa. Maji yakibadilika rangi, kitambaa chote kifuliwe peke yake, tena na tena, mpaka maji yawe safi. Kisha kilazwe kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe na kuachwa vikauke pamoja. Kikiacha doa, kisitiwe katika mfarishi wenye vipande vyeupe. Watu wengi hutia chumvi au siki katika maji wakitumaini kwamba rangi itashika. Kwa vitambaa vya pamba vilivyotiwa rangi viwandani, chumvi na siki hazisaidii neno. Kufua mpaka maji yasafike ndiyo njia ya hakika.

Hata kitambaa kisichochuja yapasa kifuliwe kabla ya kukatwa. Leso mpya ina dondo, na dondo huifanya ionekane nzito na imara kuliko ilivyo kweli. Ikishafuliwa, mshonaji ataona uzito wake halisi, na kama ni ya kuruka itakuwa imekwisha kuruka.

Mtu asiye na fedha za kununua leso mpya asikate tamaa. Katika masoko ya mitumba, kama lile la Kongowea mjini Mombasa, zapatikana shuka za kitanda na mashati ya pamba nzuri. Kabla ya kununua, nguo iinuliwe kuelekea kwenye mwanga. Penye mwanga mwingi pamekwisha kuliwa na hapatadumu. Katika shati, mgongo ndio mzuri. Kola na kwapa huwa zimechoka.

Kwa upande wake, mwenye duka dogo la vitambaa aweza kupata faida katika jambo hili. Mabaki ya jora yasiyotosha gauni huchukua nafasi rafuni. Akiyakata, akayafunga mafungu mafungu, pamba peke yake na mchanganyiko peke yake, atawauzia washonaji kitu ambacho hakikuwa na mnunuzi. Lakini na awaambie wateja kweli. Mshonaji aliyedanganywa mara moja kuhusu pamba atalihesabu duka hilo kila afuapo mfarishi wake ulioharibika.

VIFAA VICHACHE VITOSHAVYO

Vifaa vya lazima si vingi. Wahitajika mkasi mkali wa nguo usiokata karatasi, kwa sababu karatasi hutia butu makali yake, futi ya kupimia, rula iliyonyoka, chaki ya fundi, au kipande chembamba cha sabuni kavu, pini, sindano za mkono zilizo fupi na nyembamba, subana ya kukinga kidole, na uzi mzuri. Uzi usinunuliwe kwa urahisi wa bei tu. Uvutwe kwa mikono miwili. Ukikatika kwa mvuto mdogo, utakatika pia chini ya mtu alalaye. Na mshonaji aungaye rangi nyingi hahitaji uzi wa kila rangi. Uzi wa rangi ya kijivu au ya maziwa hufichika katika vitambaa karibu vyote.

Mwenye cherehani atumie sindano namba 14 kwa kuunga vipande vya pamba, na namba 16 afikapo kwenye tabaka tatu. Lakini cherehani si sharti. Mifarishi mingi iliyo bora duniani ilishonwa kwa mkono.

Karibu na bahari adui mkubwa wa vifaa hivi ni kutu. Hewa ya chumvi huila sindano ndani ya majuma machache, na sindano yenye kutu huacha alama ya hudhurungi isiyotoka. Sindano na pini zihifadhiwe ndani ya kitambaa kikavu kilichopakwa mafuta kidogo ya cherehani, na zifutwe kabla ya kutumiwa. Cherehani ikiisha kutiwa mafuta, kwanza ishone juu ya kitambaa cha kutupa mpaka mafuta yasionekane.

KUPIMA NA KUKATA

Anayeanza na ashone kwanza mfarishi wa mtoto wa vipande vya mraba. Kila mraba ukatwe sentimita 17 kila upande. Sentimita moja ya kila ukingo itamezwa na mshono, na mraba utabaki sentimita 15. Miraba 6 kwa upana na 8 kwa urefu, yaani miraba 48, itafanya uso wa sentimita 90 kwa 120. Leso moja, ambayo kwa kawaida ina sentimita 150 hivi kwa 110, yatosha kutoa miraba hiyo yote 48, kwa hiyo mtu aweza kukadiria mabaki anayohitaji kuyakusanya. Leso nyingine moja nzima itakuwa mgongo. Kwa mfarishi wa mtu mzima, miraba 9 kwa 13, yaani 117, hutoa uso wa sentimita 135 kwa 195, na mgongo wake ni leso mbili zilizoungwa kwa upande wa urefu wao.

Miraba yote ikatwe kwa kufuata kipimo kimoja. Kadibodi hulika pembe baada ya kuzungushiwa chaki mara nyingi, na mraba wa arobaini huwa mdogo kuliko wa kwanza. Kipande kilichokatwa katika ubavu wa dumu kuukuu la plastiki hakiliki upesi. Kosa la nusu sentimita katika mraba mmoja ni dogo, lakini katika safu ya miraba 13 huwa ni sentimita sita na nusu, na uso hautalala sawa.

Kitambaa kikatwe kwa kufuata nyuzi zake, za mtande na za mshindio. Kikikatwa kwa hanamu hunyumbuka, na mraba hugeuka umbo mikononi mwa mshonaji.

Baada ya kukata, vipande vyote vipangwe juu ya mkeka, mshonaji asimame mbali kidogo avitazame. Vya rangi nzito na vya rangi nyepesi vigawanywe ili upande mmoja usiwe na giza. Ikiwa ni vipande vya leso, jina la leso lichunguzwe sana. Maneno yakikatwa katikati hupoteza maana, au hupata maana isiyokusudiwa. Tena leso nyingine huwa na mafumbo ya kumchoma mtu. Haifai bibi arusi apewe mfarishi wenye maneno ya kumsuta jirani.

KUSHONA TABAKA TATU

Miraba huungwa kwanza kwa safu, kisha safu kwa safu. Kila mshono ukandamizwe kwa pasi, na pindo zake zilazwe upande mmoja. Katika safu ya kwanza zielekezwe kulia, katika ya pili kushoto, na kuendelea hivyo, ili pembe zikutanapo pasiwe na uvimbe.

Kijazo kifuate hali ya nchi. Katika joto la Malindi kijazo kinene ni mzigo. Wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, usiku hupoa kidogo, na kijazo chembamba chatosha. Blanketi jepesi lililochakaa lafaa sana, na hata shuka kuukuu ya pamba yafaa. Watu wa pwani wamezoea sufi kwa mito na magodoro, lakini haifai kwa mfarishi. Sufi ni nyepesi na haishiki maji. Zamani ilitiwa hata katika makoti ya kuokolea watu baharini. Lakini ikifuliwa hukusanyika mabonge, na tena hushika moto upesi.

Mgongo utandikwe chini, upande wake mzuri ukitazama sakafu, na uvutwe usiwe na mkunjo. Juu yake ulazwe kijazo, kisha uso. Tabaka zote zipigwe bandi kwa uzi mrefu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kama miali ya jua. Mwenye kuanza pembeni husukuma ulegevu wote katikati, na hapo hufanyika mkunjo usioondoka. Ndipo hushonwa mishono ya kudumu, sindano ikizama hata mgongoni na kuibuka tena. Mstari mmoja na mwingine visiachane zaidi ya sentimita 10, ili kijazo kisisogee. Mishono si lazima iwe midogo kama ya kofia, bali yapasa ilingane.

Mwisho ni ukingo. Mgongo ni mkubwa kuliko uso. Basi kijazo kikatwe sawasawa na uso, na mgongo upunguzwe ubaki sentimita 4 pande zote. Sehemu hiyo ikunjwe mara mbili kuja juu ya uso, na kushonwa. Kwa njia hiyo ukingo wapatikana bila ya kununua kitambaa kingine. Ndipo nyuzi za bandi zifumuliwe.

KUUTUNZA NA KUUUZA

Mfarishi ufuliwe kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, usikamuliwe kwa kusokotwa, na uanikwe kivulini, mgongo ukitazama juu, kwa sababu jua la pwani hula rangi. Wakati wa mvua za masika usikunjwe kabla haujakauka hata ndani ya kijazo. Mfuko wa plastiki huzuia unyevu usitoke, na ukungu huota. Mfuko wa kitambaa ni bora.

Akitaka kuuza, mshonaji na awe na daftari. Aandike gharama ya kitambaa, uzi na kijazo, kisha aandike saa alizoketi kushona. Washonaji wengi huhesabu kitambaa na kusahau saa, hasa kitambaa kikiwa ni mabaki waliyopewa bure. Huuza kwa furaha, lakini mwisho wa mwezi hawaoni faida, wakaiacha kazi. Mnunuzi naye aelezwe kweli: kwamba kitambaa kilifuliwa kabla ya kukatwa, kwamba rangi ilijaribiwa, na namna ya kuufua. Na vipande vilivyo vidogo mno kwa mfarishi vyaweza kuungwa kuwa mifuko ya sokoni, ambayo imehitajiwa zaidi tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa.

Rundo lililo chini ya meza ya fundi litafagiwa jioni ya leo kama kawaida. Mwenye kutaka kuanza aende na mfuko kabla ya wakati huo, aombe, achague vya pamba, na aviloweke katika bakuli jeupe ayatazame maji. Vipande 48 vyatosha kumfunika mtoto mmoja.